Skrini Inamtazama Nani? Fani ya Kipima Madini, Likasi na Shinkolobwe

Kifaa ambacho wachimbaji na wanunuzi wa madini wa Katanga, nchini Kongo, hukiita Metorex kina umbo la bastola. Kina mpini wa kushikwa kwa mkono mmoja, kifyatulio chini ya kidole cha shahada, pua fupi inayogusishwa jiweni, na skrini ndogo nyuma, upande wa aliyekishika. Jina hilo ni la kampuni ya Finland iliyowahi kutengeneza vifaa vya aina hiyo, na siku hizi hata vya makampuni mengine huitwa vivyo hivyo. Habari zake huandikwa zaidi na mafundi, au na watetezi wa haki za wachimbaji. Hapa nataka kukisoma kama tusomavyo kazi ya fasihi, kwa kuangalia muundo, mtindo, wahusika na mandhari yake. Malalamiko mengi juu ya namba za kifaa hiki yana mzizi katika fani yake, hata pale ambapo sayansi yake haina doa.

Tuanze na muundo. Kifyatulio kikibonyezwa, eksirei hutoka puani na kugonga atomi za jiwe. Kila elementi hujibu kwa mionzi yenye nguvu yake maalumu, na kifaa huyageuza majibu hayo kuwa asilimia. Baada ya sekunde kadhaa skrini huonyesha andiko lenye safu tatu. Ya kwanza ina alama za elementi: Co, Cu, Ni, Fe. Ya pili ina asilimia. Ya tatu ina namba ndogo iliyotanguliwa na alama ya kujumlisha na kutoa, ±. Mistari imepangana chini kwa chini, haina kitenzi hata kimoja, wala nafsi. Hakuna anayesema “nimeona” au “nadhani”. Huu ni mtindo wa hukumu isiyotajwa hakimu.

Ila safu ya tatu inaitia ufa hukumu hiyo. Ndiyo sauti pekee ya shaka katika andiko zima, nayo inakiri kwamba kiasi halisi chaweza kuwa juu kidogo au chini kidogo ya kilichoandikwa. Shaka yenyewe ni finyu. Inahusu hesabu ya mionzi iliyopokelewa, wala haigusi unyevu wa jiwe, ambao hushusha namba, wala tofauti kati ya jiwe la juu ya gunia na la chini yake. Eksirei hizo hazipenyi mbali, hivyo kinachosomwa ni ngozi ya jiwe mahali padogo palipoguswa na pua. Tena ukubwa wa shaka unategemea kidole: upimaji ukirefushwa, namba ya safu ya tatu hupungua, ukikatizwa mapema, huongezeka. Kwa hiyo andiko lina mtunzi, ingawa limeandikwa kana kwamba halina.

Sasa tulisome katika mandhari ya kiwanda. Mjini Likasi kuna Shituru, ambako kampuni ya madini ya Gécamines, na kabla yake Union Minière, imetoa shaba na kobalti kwa kutumia asidi ya salfa. Katika viwanda vya namna hii popote duniani, bomba la chuma kisichofaa huliwa na asidi mpaka livuje. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 kina molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3. Cha daraja la 304 hakina, na kwa macho mabomba hayo mawili hayatofautiani. Ndiyo maana mafundi wa matengenezo hubeba kifaa hikihiki hadi kwenye bomba lenyewe, wakalipima kabla ya kulifunga.

Umbo ni lilelile na safu ni zilezile tatu, lakini zimezungukwa na maandiko mengine. Namba ya molibdenamu huingizwa katika fomu ya kazi, ambayo sasa mara nyingi iko kwenye tableti, pamoja na namba ya bomba, tarehe na jina la fundi. Hulinganishwa na cheti cha mtengenezaji. Msimamizi huisoma, na mkaguzi aweza kuja mwezi ujao akapima palepale. Hata upungufu wa kifaa una pa kuzibwa: hakioni kaboni, kwa hiyo hakiwezi kutenganisha 316 na 316L, yenye kaboni kidogo, lakini cheti kinaweza. Zaidi ya hayo, bomba halina masilahi. Halipotezi kitu likiambiwa lina molibdenamu pungufu. Wahusika wote wa andiko hili wako upande mmoja, na kila mmoja anataka namba iwe ya kweli.

Lihamishe andiko hilohilo hadi kwenye depo ya kununulia kobalti. Wahusika sasa ni wawili wenye masilahi yanayopingana, mwenye kifaa na mwenye gunia, na kati yao umetundikwa ubao wa bei. Ubao huo nao ni andiko la kusomwa kwa makini, kwa kuwa una safu mbili tu: asilimia, na bei ya kilo. Safu ya tatu imeachwa njiani. Tuseme kifaa kimeandika kobalti asilimia 2.9, ± 0.3. Kwenye skrini, hayo ni maelezo ya masafa kati ya 2.6 na 3.2. Kwenye ubao ambao bei zake zinapanda kwa asilimia nzima, hayo ni mstari wa 2, basi. Shaka ambayo kifaa kiliikubali waziwazi imegeuzwa kuwa hasara ya upande mmoja.

Kisha kuna mahali pa skrini. Watengenezaji waliiweka nyuma ya kifaa, kana kwamba waliyemfikiria ni fundi aliye peke yake mbele ya bomba. Katika depo, mpangilio huo unamfanya mnunuzi awe mtunzi na msomaji wa kwanza, na mchimbaji awe msikilizaji wa tafsiri. Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya mwaka 2016 kuhusu kobalti ya Kongo ilieleza kwamba wachimbaji hawakuwa na njia yao wenyewe ya kuhakiki kiwango cha madini waliyouza. Linganisha na taa ya tahadhari iliyo kwenye kifaa chenyewe, ambayo huwaka wakati eksirei zinatoka ili kila aliye karibu aione. Hatari imetangazwa kwa wote. Matokeo amepewa mmoja.

Kilomita zipatazo 20 kutoka Likasi kuna Shinkolobwe, na huko orodha ya safu ya kwanza inakuwa jambo zito. Urani ya mgodi huo iligunduliwa mwaka 1915. Ilichimbwa kwanza kwa ajili ya radiamu, kisha ikauzwa Marekani kwa mradi wa bomu la atomiki lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Mwaka 1960, uhuru ulipokaribia, mashimo yalizibwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachimbaji wadogo walirudi, safari hii wakitafuta kobalti. Serikali ilipiga marufuku uchimbaji huo Januari 2004, na Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka ikaua watu wanane.

Kobalti na urani za Shinkolobwe hukaa katika mwamba mmoja. Kifaa cha eksirei kinaweza kuiona urani, mradi imo katika orodha ya elementi kilizopangiwa kuripoti. Isipokuwemo, skrini haiandiki “sikutafuta”. Haiandiki chochote, na msomaji hudhani kwamba hakuna kitu. Hili ndilo pengo kubwa kabisa la fani hii: kimya cha kutokuwepo na kimya cha kutotafutwa vina sura moja. Andiko lililotungwa kwa ajili ya bei lina safu ya bei. Mapafu ya mchimbaji hayamo.

Kifaa cha pili cha mkononi kinachohusika na mahali kama Shinkolobwe kina fani ya kinyume. Ni kipima mionzi, mfano ule wa Geiger. Andiko lake ni namba moja tu, mikrosiverti kwa saa, lakini kina pia sauti: mlio mkavu kwa kila mnururisho unaonaswa, na milio huzidi kusongamana kadiri unavyokaribia jiwe lenye urani. Sauti haina upande wa nyuma. Mchimbaji, mtoto na mkaguzi huisikia kwa pamoja, aliyesoma na asiyesoma. Nacho kina kasoro yake. Kinataja kiasi cha saa moja, na hakijui aliyesimama hapo atakaa saa ngapi wala miaka mingapi. Ujumbe wa UNEP na OCHA, mashirika ya Umoja wa Mataifa, uliokwenda Shinkolobwe mwishoni mwa 2004 ulionya juu ya hatari ya kuporomoka kwa mgodi na pia juu ya madhara ya mionzi kwa anayekaa hapo muda mrefu. Onyo hilo la pili lina muda ndani yake, na muda haumo katika namba ya kifaa. Ilibidi watu waujumlishe.

Hukumu yangu ni kwamba kipima madini ni andiko zuri lililopewa hadhira pungufu. Kiwandani linafaa kwa sababu lina wasomaji wengi na maandiko ya kulisahihisha. Deponi linadhulumu hata pale namba zake zikiwa sahihi, kwa kuwa msomaji ni mmoja na ubao umefuta shaka. Dawa haihitaji sayansi mpya. Skrini ielekezwe kwa pande zote mbili, au matokeo yachapwe na kukabidhiwa muuzaji yakiwa na safu zote tatu, tarehe, muda wa kupima na orodha ya elementi zilizotafutwa, urani ikiwemo. Kipande cha kuhakikia kipimo, ambacho kiwango chake kinajulikana, kipimwe mbele ya muuzaji kabla ya gunia lake. Vyama vya ushirika vya wachimbaji vimiliki vifaa vyao wenyewe na kuwafunza watu wao kuvisoma. Nawe mchimbaji, unapotajiwa asilimia, uliza namba iliyo baada ya ±. Ni haki yako kama ilivyo bei.