Umri wa Moto

Mpishi wa nyumbani ana jiko. Mpishi wa safarini ana moto tu, na moto huo auwashe, aulishe, aungoje na mwishowe auzime yeye mwenyewe. Kwa hiyo mimi humpa heshima kubwa mtu anayepika vizuri kando ya hema, mgongoni mwa pikapu iliyojaa vumbi, kuliko mafundi wa kupamba sahani katika hoteli za pwani. Vyakula vyake ni vilevile vya kila siku: sima, muhogo, mbaazi, samaki, chai. Ufundi wake ni kujua moto una umri gani saa ile, na umri huo unafaa chakula gani.

Nasema haya nikiifikiria Jilore. Barabara ya kutoka Malindi kwenda lango la Sala, la kuingilia Tsavo Mashariki, inapita upande huu, na wasafiri wengi hupita mbio wakiwawahi tembo wa huko mbele. Wanapishana na mahali pazuri pa kulala. Huku pana msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye zaidi ya kilomita 400 za mraba, na mirihi yake inayomwaga majani makavu chini kama mkeka. Kule ardhi inateremka hadi ziwa la Jilore na bonde la mto Sabaki. Mto huu ni mmoja wenye majina matatu. Huanza ukiitwa Athi, ukikutana na Tsavo huwa Galana, na ukifika huku ni Sabaki, umebeba udongo mwekundu wa bara nzima. Anayeuona akafurahi kwamba amepata maji ya kupikia hajautazama vizuri. Maji ya mpishi hutoka nyumbani kwa madumu. Ya mtoni yana tope, na kingo zake zina mamba na viboko wasiojali kwamba umekuja na karai la kuoshea vyombo.

Hema halipigwi popote tu. Unabisha hodi kwenye boma, unasalimia wazee, unaeleza umetoka wapi na unakwenda wapi, ndipo unaonyeshwa chini ya mwembe upi. Kuni nazo zina wenyewe. Za msituni zina taratibu zake na kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, kwa hiyo ni rahisi zaidi kununua mzigo kwa mwenyeji, naye atakuchagulia kuliko ungejichagulia wewe. Mvinje, unaopandwa kwa wingi pwani hii kwa ajili ya nguzo za kujengea, huwaka kwa nguvu hata ukiwa haujakauka vizuri. Makuti makavu ni ya kuwashia. Vifuu vya nazi hutoa joto kali la haraka. Makumbi hayawaki, yanafuka tu, na kwa hiyo huwekwa upande wa upepo jioni mbu wanapoanza. Mwarobaini ukwepe chini ya nyama au samaki, maana moshi wake una uchungu wake.

Nazi inastahili kusemwa peke yake. Watu hubeba masanduku ya barafu kwenda kambini, kumbe pwani tumepewa chakula kilichokwisha kufungwa na mwenye kukitengeneza. Nazi iliyokomaa hukaa wiki kadhaa ndani ya gari bila kuharibika, haivuji, haihitaji baridi. Ukiivunja una maji ya kunywa. Ukiikuna una tui zito na tui jepesi. Makumbi yanafukuza mbu, vifuu vinapika, na nusu ya kifuu ikitiwa mpini ni upawa. Mbuzi ya kukunia haichukui nafasi kubwa ikikunjwa, na ndiyo kifaa pekee cha jikoni ambacho ningekiokoa gari likizama mtoni.

Sasa turudi kwenye moto. Unapokuwa mchanga una ndimi, kelele na pupa, na watu wenye njaa hupenda kuutia kila kitu wakati huo. Ndiyo maana nyama ya kambini huwa nyeusi nje na mbichi ndani. Ndimi za moto ni za maji: maji ya chai, maji ya sima, maji ya kuchemshia kunde. Kabla ya kuteleka, paka sehemu ya nje ya sufuria majivu yaliyokorogwa na maji, au udongo wa mfinyanzi, ili masizi yashike kwenye pako hilo na yaoshwe nalo. Na mafiga yachimbiwe kidogo ardhini, kwa sababu kusonga sima ni mieleka, na sufuria iliyokaa juu ya mawe matatu yanayocheza itamwagikia miguu ya mtu.

Sima inataka maji yatokote kweli, unga uingie, usongwe, uachwe uive, ugeuzwe tena. Huwezi kuiharakisha. Historia ya kambi za nchi hii ina ushahidi mchungu juu ya hilo. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza walipewa posho ya unga wa mahindi, na wengi walitoka sehemu ambazo chakula chao kilikuwa kingine. Kambini kuni zilikuwa chache au mbichi, muda wa kupumzika mfupi, vyombo haba. Wakala unga ambao haujaiva, matumbo yakawaharibika. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, na waliouawa na maradhi, kuhara damu kukiwa mstari wa mbele, waliwazidi kwa mbali waliouawa kwa risasi. Wagiriama wa bonde hili la Sabaki walikataa mapema. Mekatilili wa Menza alikamatwa mwaka 1913 na kupelekwa Kisii kwa kuwahimiza watu wake wasitoe vijana wakafanye kazi ya Mzungu. Mwaka uliofuata, serikali ilipozidi kuwabana kwa ardhi na kudai wapagazi, wakapigana. Sidhani waliwaza juu ya sima mbichi. Lakini kila ninapomwona mtu akiepua sufuria kabla ya wakati kwa sababu watoto wanalia, huwakumbuka wapagazi wale.

Misafara ya zamani iliyotoka pwani hii ilijua kwamba chakula cha kambini kinataka muda na mpango. Mpagazi alipewa kibaba cha nafaka kwa siku, na wapagazi walijigawa vikundi vidogo vya chungu kimoja: mmoja ateke maji, mwingine atafute kuni, mwingine apike. Ni mpango ambao familia nyingi zinazokwenda kulala kwenye hema zingeuiga kwa faida, badala ya kumwachia mama kila kitu huku wengine wakipiga picha.

Moto ukitulia, ndimi zikaisha, makaa yakawa mekundu yaliyovaa majivu mepesi, hapo ndipo umefikia utu uzima. Weka kiganja juu yake. Ukiweza kuhesabu hadi tatu au nne kabla ya kukiondoa, umekuwa moto wa samaki. Changu au kolekole aliyenunuliwa asubuhi Malindi na kupakwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu huwekwa juu ya wavu, ageuzwe mara moja tu, kisha apakwe tui zito lililokorogwa na ukwaju na bizari, kidogo kidogo, hadi lishike. Anayegeuza samaki kila dakika anayalisha makaa. Asiyeamini barafu yake abebe ng'onda au papa mkavu, amloweke, amwoshe mara mbili, ampike kwa tui jepesi kwanza na tui zito mwisho, akikoroga bila kufunika, ili tui lisikatike.

Pembeni mwa makaa hayo hayo kuna nafasi ya muhogo. Hapa mpishi amuulize mwenyeji, asijifanye mjuzi: kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu, na ule mchungu una sumu isiyoondoka kwa kuchoma tu. Mtamu umenywe, uchomwe polepole hadi upasuke, uliwe na chumvi, pilipili na ndimu. Kwa watu wanne waliochoka na safari, muhogo na chai ya tangawizi ni mlo uliokamilika, na sioni sababu ya kuuombea radhi.

Uzee wa moto ndio ninaoupenda zaidi, nao ndio wageni huutupa. Wamekwisha kula, wanaumwagia maji, wanaingia hemani. Mpishi mzoefu alianza kuuandaa uzee huo asubuhi alipotoka nyumbani: alitia mbaazi kavu katika chupa pana, akajaza maji, akaifunga barabara. Gari linatikisika, mbaazi zinalowa. Jioni zimechemshwa kwenye ndimi za moto hadi karibu kuiva, kisha sufuria inakalishwa kwenye majivu ya moto, makaa machache yanasogezwa ubavuni, kifuniko kinawekewa jiwe. Ukipika maharagwe mekundu badala ya mbaazi, yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kupelekwa majivuni, kwani joto dogo peke yake haliwezi kuiondoa sumu yake. Tui lisitiwe usiku, litachacha. Alfajiri zimelainika kabisa. Unakuna nazi, unatia tui na chumvi, unatoa mahamri yaliyopikwa jana nyumbani. Watu wanapotoka hemani wakijinyoosha, kifungua kinywa kiko tayari bila mtu kuamka saa kumi.

Najua wapo watakaosema yote haya ni taabu, gesi ipo. Ni kweli ipo, na mabingwa wake ni madereva wa malori. Pitia Mariakani, malori yanakongojea zamu ya mizani, utawaona dereva na utingo wake kwenye kivuli cha trela, mtungi wa kilo 6 katikati yao, sukuma wiki ikikatwa juu ya kifuniko cha sanduku la vyombo. Vitunguu, nyanya, mayai, sima, na foleni ikianza kusogea wamekwisha kula na kusuza. Mimi mwenyewe siku ya mvua huwasha gesi bila haya. Lakini gesi ina umri mmoja tu. Ukiizima imekwisha, haikuachii mbaazi za asubuhi.

Kuzima moto wa kuni kuna kanuni mbili zinazogombana. Karibu na msitu, penye majani makavu ya mirihi, mwaga maji, koroga, mwaga tena, kisha gusa majivu kwa mgongo wa mkono. Kama bado ni vuguvugu, hujazima. Uwanjani kwa mwenyeji, penye mchanga mtupu, mambo ni mengine. Pale moto uachwe ujimalizie, mtu mmoja akiulinda, kwa sababu mama mwenyeji atakuja na debe. Majivu makavu anayachekecha na kuyachanganya na kunde za mbegu ili fukusi wasiziguse hadi masika, na akikuta umekwisha kuyamwagia maji, atakuuliza, kwa upole lakini mbele ya watu, ni nani aliyekufundisha kupika.