Gramu Mbili

Mfuo wa santuri ya inchi 12, ukinyooshwa wote, unakaribia nusu kilomita kwa upande mmoja. Upana wake haufiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Ncha ya almasi inaufuata mwendo huo wote kwa dakika ishirini na kitu, na kinachoizuia isiruke nje ni uzito wa gramu mbili hivi. Uzito ukizidi sana, mfuo unaliwa. Ukipungua, ncha inarukaruka na kuzichimba kuta, na hasara hiyo ni mbaya kuliko ya uzito uliozidi. Kuzipata gramu hizo mbili hakuhitaji fedha. Kunahitaji mkono uliotulia na robo saa isiyo na simu.

Mazungumzo ya santuri siku hizi huanzia dukani, kwenye bei, na mara nyingi hufia hapohapo. Mwenye nazo hutaja mashine zake, asiye nazo hunyamaza. Naona mambo yamepinduliwa. Mtambo wa bei nafuu uliosimamishwa na mkono mwelekevu huushinda ule wa bei mbaya uliotolewa kwenye boksi na kutuliwa juu ya kabati linaloyumba, spika pembeni yake, sindano haijapimwa. Kazi hiyo ya kusimamisha ndiyo ninayotaka kuisifu. Santuri zenyewe zina wasifiaji wa kutosha.

Wala sitasema kwamba santuri ina sauti bora kuliko faili ya kompyuta. Kwa vipimo haina: inakwaruza, mota inavuma chini kwa chini, na wimbo wa mwisho wa kila upande huteseka. Ninachokipenda ni kwamba katika mashine hii hakuna kilichojificha. Kila kosa la sauti lina mahali pake, na mahali penyewe panaonekana kwa macho, panaguswa kwa kidole, panarekebishwa kwa bisibisi.

Mwenye mfuko mwepesi hushawishiwa kwanza na vile vibegi vya rangi rangi vyenye mpini na spika ndani yake. Avipite. Vingi vina kichwa cha seramiki kinachoikandamiza santuri kwa gramu tano au zaidi, na spika inaitikisa sahani ileile ambayo sindano inajaribu kuisoma. Juu yake kidogo kuna mashine kama AT-LP60X ya Audio-Technica, iliyouzwa Marekani kwa dola kati ya 100 na 200: inazungushwa kwa mkanda, ina priampu ndani, mkono wake unajiinua na kujirudisha wenyewe. Hiyo ni mashine ya kweli. Anayetaka muziki tu aichukue aende zake. Lakini uzito wake umeshapangwa kiwandani na hakuna pa kuugusa, kwa hiyo haina nafasi kubwa katika insha hii.

Mapenzi yangu yako kwa mitumba ya miaka ya 1970 na 1980. Nairobi utaitafuta Luthuli Avenue, kwa mafundi wa redio, au Soko la Kenyatta, kwenye vibanda vya santuri ambako wauzaji wanajua nani ana mashine gani nyumbani anayotaka kuitoa. Dar es Salaam utaulizia Kariakoo. Na kama una ndugu Uingereza, mwombe kabla hujamwomba mwingine yeyote, maana umeme wao ni wa hezi 50 kama wetu na hata plagi ni ileile ya Kenya na Tanzania. Kule Pioneer PL-12D ilikuwa mashine ya kwanza ya vijana wengi wa miaka ya 1970; ni ya mkanda, nzito, haina madoido, na mkono wake unarekebishika.

Ndugu wa Marekani ana shida moja ambayo wengi huijua nusu. Wanajua kwamba umeme wa kule ni volti 120, wananunua transfoma ya kuupunguza wa kwetu, basi wanaridhika. Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi. Mashine nyingi za zamani zina mota inayohesabu mapigo ya umeme wenyewe, na iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikipewa 50 itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita. Muziki unashuka kama nusu-toni tatu. Mwimbaji wa kike anakuwa mwanamume, na gitaa la rumba linatembea kana kwamba limetoka matangani. Kwenye baadhi ya mashine, PL-12D ikiwemo, dawa ni kubadilisha puli ndogo inayovuta mkanda. Nyingine zina mota ya umeme wa betri, nazo hazijali hezi. Uliza kabla ya kulipa.

Kupima mwendo nako ni bure. Chora, au chapisha, duara la karatasi lenye mistari 180 iliyopangwa sawasawa, liweke juu ya sahani, liangalie chini ya taa inayowaka kwa umeme wa hezi 50. Taa hiyo humeta mara 100 kwa sekunde. Sahani ikizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mistari husimama tuli. Ikitambaa mbele, mashine ina haraka. Ikirudi nyuma, mkanda umelegea au mafuta ya ekseli yamekauka. Balbu nyingi za kisasa za LED hazifai kwa jaribio hili kwa sababu mwanga wake hauwaki na kuzima kwa mpango huo. Tafuta taa ya zamani, ya neoni au ya waya.

Sasa mkono wenyewe. Funga sindano mahali pake, toa kifuniko chake, ondoa kizuizi, kisha zungusha kile kipande kizito cha nyuma mpaka mkono uelee hewani, usishuke wala usipande. Sonara anayesubiri mizani yake itulie anajua hali hiyo. Mkono ukishaelea, shika kipande kisigeuke, uzungushe kile kipete chenye namba peke yake mpaka kisome sifuri. Hapo ndipo wengi wanapokwenda kasi: wanageuza vyote viwili pamoja na sifuri yao inakuwa ya uongo. Baada ya sifuri ya kweli, geuza kipande na kipete pamoja mpaka kwenye namba aliyoiandika mtengenezaji wa sindano. Kwa AT-VM95E, ambayo ni sindano nzuri ya bei nafuu, ni gramu 2, na ruhusa ni kutoka 1.8 hadi 2.2. Sindano iliyokuja na mashine ya mitumba, usiiamini. Hujui imelima santuri ngapi. Fedha ya kwanza baada ya mashine ni ya sindano mpya.

Kuna nguvu nyingine inayouvuta mkono kwenda katikati, kwa sababu kichwa kimepindwa na msuguano wa mfuo hauvuti moja kwa moja kwenye mhimili. Kitufe cha kuizuia kina namba zake. Kipe namba ileile ya uzito, uendelee.

Sehemu inayonifurahisha zaidi ni pembe. Mashine iliyochonga santuri ilisafiri mstari mnyoofu kutoka ukingoni hadi karibu na lebo. Mkono wetu umefungwa mwisho mmoja, kwa hiyo unakwenda upinde. Haiwezekani sindano ikae sambamba na mfuo wakati wote. Inaweza kukaa sawa kabisa mahali pawili tu, na kwingineko inakosea kidogo. Erik Löfgren alichapisha hesabu ya jinsi ya kulipunguza kosa hilo mwaka 1938, kabla hata ya santuri za mizunguko 33 kuingia sokoni mwaka 1948, na hesabu hiyo bado inatumika. Unachohitaji ni karatasi yenye nukta mbili na mistari. Unatua sindano kwenye nukta, unatazama kutoka juu, unalegeza skrubu mbili ndogo, unasogeza kichwa kiasi cha upana wa mstari wa kalamu ya wino, unakaza, unaangalia nukta ya pili, unakuta ya kwanza imeharibika, unarudi. Hasira haisaidii hapa. Ukimaliza, pima tena uzito, maana kichwa kimehama.

Utajuaje umefaulu? Sikiliza wimbo wa mwisho wa upande. Ukingoni, sindano hupitiwa na nusu mita ya mfuo kila sekunde. Karibu na lebo, ni sentimita ishirini na kitu tu, na mawimbi yaleyale yamesongamana humo. Herufi “s” na “sh” za mwimbaji zikipasuka pale, na hazikupasuka mwanzoni, rudi kwenye karatasi.

Ishara inayotoka kwenye sindano ni milivolti chache. Isitoshe, imepotoshwa kwa makusudi: tangu 1954 viwanda vingi vilifuata mpango wa RIAA, wa kupunguza besi na kuzidisha sauti nyembamba wakati wa kuchonga, ili mfuo usitanuke mno na mikwaruzo isitawale. Priampu ndiyo inayokuza mara mia hivi na kurudisha kila sauti kwenye kiwango chake. Ukichomeka sindano kwenye tundu la kawaida utasikia muziki wa mbali, mwembamba, wenye kelele za juu tupu. Amplifaya za zamani nyingi zina tundu lililoandikwa PHONO, na hiyo ni sababu tosha ya kununua amplifaya ya mtumba. Mpelekee fundi kwanza. Atabadilisha kapasita zilizovimba, atapuliza dawa kwenye kitasa cha sauti kinachokwaruza, atalehemu waya uliong’oka, na ukikaa naye kwenye benchi badala ya kuacha mzigo na kuondoka utajifunza mengi. Namheshimu sana fundi wa redio wa mtaani anayeweza kufuata ishara kutoka tundu hadi spika kwa kugusa tu ncha ya bisibisi na kusikiliza mlio.

Mvumo mzito usiokoma, hata muziki ukinyamaza, una chanzo kimoja mara nyingi kuliko vingine: ule waya mwembamba wa ethi unaotoka nyuma ya mashine haujafungwa kwenye skrubu ya amplifaya. Ufunge. Mvumo ukibaki, sogeza transfoma mbali na sindano.

Spika nizipite haraka, ingawa ndizo ningezipa fedha nyingi kuliko vyote. Kagua ukingo wa koni: kama ni wa sponji, joto na unyevu huula, na huko Mombasa au Unguja huula mapema zaidi. Usiziweke meza moja na mashine, kwa sababu sindano haibagui kati ya mtikisiko wa mfuo na mtikisiko wa mbao. Mashine ikae juu ya kitu kizito, ikiwa imepimwa kwa pimamaji. Kipande cha marumaru cha fundi wa makaburi au wa jikoni kinatosha kabisa.

Ndipo zinakuja santuri, na hapa Afrika Mashariki zina tabia yake. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45. Kwa kawaida zilibanwa Nairobi, hata za bendi za Dar es Salaam zilizorekodi katika studio za Radio Tanzania. Wimbo mmoja wa rumba au benga haukutosha upande mmoja, kwa hiyo ulikatwa: sehemu ya kwanza huku, ya pili kule. Mashairi huwa upande wa kwanza, na chemko, pale magitaa yanapopamba moto na watu wanaacha viti, mara nyingi liko upande wa pili. Lazima uinuke uigeuze. DJ wa kumbi za zamani alihitaji nakala mbili ili asiukate wimbo.

Santuri hizo zimepigwa mno, tena kwa sindano nzito za mashine za betri. Usizitupe kwa kuzisikia mara moja. Ncha ya duara hugusa kuta za mfuo mahali pamoja, ncha bapa mahali pengine, na santuri iliyochakaa chini ya moja inaweza kuzungumza chini ya nyingine, kwa kuwa sehemu mpya ya ukuta haijaguswa. Zioshe kwanza. Maji safi, tone la sabuni, kitambaa laini, lebo isiloe.

Ukibahatika kupata zile nzito za mizunguko 78, za utomvu wa wadudu, zinazovunjika zikianguka, kama zile ambazo mwimbaji wa taarab Siti binti Saad na wenzake walirekodi Bombay mwaka 1928, mtambo wako utakwama. Mfuo wake unataka ncha pana takriban mara nne. Hilo ni jepesi: familia ya VM95 ina sindano ya 78 inayochomekwa kwenye kichwa kilekile bila bisibisi. Tatizo ni kwamba mashine nyingi za bei nafuu zina mwendo wa 33 na 45 tu, na RIAA haikuwepo mwaka 1928, hivyo priampu itarekebisha kitu ambacho hakikupotoshwa kwa namna hiyo. Ipige kwa mwendo wa 45, irekodi kwenye kompyuta, halafu programu ya bure iharakishe mara 1.73 na kuondoa marekebisho ya priampu. Siti atatoka na sauti yake, kwenye faili.