Fundi wa Pedi

Pedi ya gemu ikifika mezani kwake, fundi haanzi na bisibisi. Anaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepata zamu yake, anafumba macho, kisha vidole gumba vinaanza kutembea juu ya vitufe: juu, chini, kushoto, kulia. Dogo aliyeileta amesimama ng'ambo ya meza, sarafu ya jero kaifumbata kiganjani.

"Kushoto panachelewa," fundi anasema.

Dogo anaitikia kwa kichwa, macho yamemtoka. Alikuwa hajasema lolote.

Meza yenyewe iko Tandika, Dar es Salaam, vichochoro viwili kutoka sokoni, chini ya mwavuli ambao jua limeshafuta maandishi yake. Juu ya meza kuna kioo, na chini ya kioo skrubu zimetengwa kwa ukubwa, kama mama wa nyumbani anavyotenga choroko na kunde. Huwa napita hapo nikienda kumjulia hali shangazi yangu, na shangazi ameshazoea kunisubiri. Nataka kumsifu fundi huyu, na wenzake wa Mbagala, Manzese na Mwananyamala, kwa sababu kazi yao inaitwa ya kitoto hata na watu ambao utoto wao wenyewe ulipita mikononi mwa mafundi hawa.

Sisi tuliokulia Temeke miaka ya tisini ndio watoto wa kwanza wa bara kukua na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Mtaani kwetu seti ilikuwa moja, TV ya chogo, kwa jirani aliyefanya kazi bandarini. Saa ya katuni ikikaribia, ndala zilirundikana mlangoni kwake kama kuna msiba. Waliowahi walikaa kwenye mkeka, waliochelewa waliangalia dirishani, na mfupi aliyechelewa alibebwa mgongoni. Tom na Jerry, ambao William Hanna na Joseph Barbera waliwabuni mwaka 1940, karibu hawasemi kitu. Muziki wa Scott Bradley ndio unaosema kwa niaba yao: paka akinyata, ala zinanyata; akianguka ngazi nzima, ngoma inaanguka naye. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji Kiingereza. Maneno tuliyatia wenyewe. Alikuwepo mtoto mmoja mwenye ulimi mwepesi aliyempa panya Kiswahili cha mjini na paka Kiswahili cha mwenye nyumba anayedai kodi, na mimi mpaka leo nikimwona Tom naisikia sauti ya yule mtoto.

Mwaka huohuo wa 1994, mwezi Desemba, Sony walianza kuuza PlayStation huko Japani. Sisi ilitufikia baadaye sana, imeshatumika, kwa njia ya Kariakoo. Kabla yake tulikuwa na gemu za kaseti, zile mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983, na gemu iliyotawala ilikuwa Contra. Wanaume wawili, bunduki, msitu, na kufa haraka mno. Ndipo akaja mtoto kutoka mtaa wa pili na siri: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Ukipatia unapewa laifu 30. Nilikuja kujua ukubwani kwamba siri hiyo ilitungwa na Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, alipokuwa akishughulikia gemu ya Gradius iliyotoka 1986. Ilikuwa inamshinda kuicheza hadi mwisho ili kuijaribu, akajiwekea njia ya kujisaidia, kisha njia hiyo ikabaki ndani. Alifariki Februari 2020. Sikuwahi kuiona siri yake imeandikwa popote. Ilifika Temeke kwa mdomo, kama wimbo wa kuruka kamba, na ilikaa vidoleni kuliko kichwani. Hata leo ukiniuliza niitaje, lazima vidole gumba vicheze kidogo hewani ndipo maneno yaje.

Kibanda cha PlayStation kilipofunguliwa jirani na mashine ya kusaga, kilikuwa na bati, mabenchi mawili, TV mbili za chogo, na sheria moja: aliyefungwa anatoka. Hapo ndipo nilipomwona fundi kwa mara ya kwanza, kijana wakati huo, ameitwa kwa sababu gemu ya Tekken 3 inaonekana nyeusi na nyeupe. Tulikuwa tumeicheza hivyo wiki nzima, tukiamini ndivyo ilivyo. Yeye alieleza, bila haraka, kwamba CD ile imetengenezwa kwa TV za nchi nyingine, rangi zinasafirishwa kwa mtindo ambao TV yetu haiuelewi. Akaingia kwenye menyu ya TV, akabadili mfumo, na mpiganaji Eddy Gordo akapata suruali ya njano na kijani. Kibanda kizima kililipuka kwa kelele. Nimeona mambo mengi mazuri tangu siku ile, lakini machache yaliyokuja ghafla namna hiyo.

Alirudi mara nyingi. Mashine ikipata moto CD inakwama, kwa sababu reli ya plastiki inayobeba lenzi imelika na lenzi imelala upande. Dawa ya haraka, iliyojulikana na wachezaji dunia nzima, ilikuwa kuipindua mashine miguu juu, uzito uangukie upande mzima. Dawa ya fundi ilikuwa kuifungua, kuisafisha reli, na kuinyanyua lenzi kwa kipande chembamba cha plastiki. Yeye pia ndiye aliyefunga chipu ya kuchezea CD zilizonakiliwa. CD halali ya PlayStation ilikuwa na mtikisiko mdogo kwenye mstari wa ndani, ambao mashine ya kunakili CD haiwezi kuuandika. PlayStation iliutafuta mtikisiko huo kabla ya kufungua mlango, na chipu yenye miguu minane ilikuwa inamjibu bawabu kwa sauti ya bosi wake. Waliotengeneza gemu zile hawakupata hata senti kutoka Temeke, na najua hilo ni deni. Najua pia kwamba CD halali haikuuzwa popote ambapo mama zetu wangeweza kuinunua. Mwaka 2006 ulipokuja mgao wa umeme, ukame umeshusha maji ya mabwawa, kila umeme uliporudi kwa kishindo uliua kitu, na fundi alilala saa chache.

Siku hizi kampuni zinatuuzia upya yale tuliyoyapenda, na mimi sidharau kazi hiyo. Mwaka 2017 zilitoka gemu tatu za kwanza za Crash Bandicoot zilizojengwa upya na kampuni ya Vicarious Visions. Waliyachukua maumbo ya gemu za zamani wakavijenga upya vitu vingine juu yake: manyoya, majani, mwanga. Nilizicheza kwa rafiki yangu Sinza, kwenye TV bapa kubwa kama mlango. Picha ilikuwa ile niliyodhani naikumbuka, yaani nzuri kuliko ilivyokuwa kweli. Kisha nikaruka shimo ambalo nimeliruka mara mia, nikatua ukingoni, nikateleza, nikafa. Nikaruka tena, nikafa tena. Nilidhani mikono imezeeka. Baadaye watengenezaji wenyewe walikiri kwamba kuruka kwenye gemu mpya si kulekule kwa zamani, na wachunguzi walionyesha sababu: mwili wa Crash sasa unagusa ardhi kwa umbo la mviringo kama kidonge, kwa hiyo ukitua pembeni unateleza pale ambapo zamani ungesimama. Jicho langu lilidanganywa kwa furaha. Vidole vilikataa. Vilikuwa na kipimo chao, vimekitunza miaka ishirini bila kuniambia.

Tangu siku ile nimeacha kuamini kwamba tunachokikosa ni picha. Mwaka 2018 Sony walitoa PlayStation ndogo yenye gemu 20 ndani, na baadhi yazo, Tekken 3 ikiwamo, zilikuwa matoleo ya Ulaya yanayokwenda kwa picha 50 kwa sekunde badala ya 60. Wachezaji wa Marekani walilalamika kwamba zinakokota, na walikuwa na haki, kwa sababu mikono yao ilijifunza mwendo mwingine. Ukirudisha gemu na ukakosa mwendo wake, umerudisha kava.

Na hapa ndipo namrudia fundi, maana kipimo kile cha vidoleni yeye ndiye anayekilinda, kwa jero na buku.

Ameshaifungua pedi ya yule dogo. Ni ya PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000 na ambayo vibanda vingi vya pembezoni mwa Dar es Salaam viliendelea kuitumia muda mrefu baada ya dunia kusonga mbele. CD zimekwisha, gemu zinasomwa kutoka kwenye flashi. Ndani ya pedi hakuna miujiza: utepe mwembamba wa plastiki wenye njia nyeusi za umeme, mipira chini ya vitufe, na mahali ambapo utepe unalalia ubao. Hapo ndipo ugonjwa hukaa. Utepe haukulehemiwa, unagusa tu, ukikandamizwa na kisponji kidogo. Kisponji kikichoka, mguso unalegea, na kitufe kinajibu leo na kesho hakijibu. Fundi anakifuta kila kitu kwa pamba yenye spiriti. Anakata kipande cha tyubu ya baiskeli, ukubwa wa ukucha, anakiweka mahali pa kisponji. Anakaza skrubu, anajaribu, anafungua. Anakipunguza kile kipande kwa wembe. Anakaza tena. Kwenye pedi za zamani zaidi, ambapo weusi chini ya mpira ndio umefutika, huwa anapaka risasi ya penseli laini, kwa sababu nayo inapitisha umeme. Haidumu sana, naye humwambia mteja ukweli huo kabla ya kupokea pesa.

Nilimuuliza kwa nini asiwauzie watu pedi mpya tu, zipo Kariakoo tele.

"Zipo, kaka. Kwa macho ni nzuri. Lakini ukikibonyeza kitufe kinajibu mara mbili, au unakandamiza mpaka kidole kinauma. Mtu alizoea mpira wake ushuke kiasi fulani. Ukimbadilishia, hafungwi na mwenzake, anafungwa na pedi."

Simu nazo zimeingia. Vijana wanapakia PPSSPP, programu inayoiga mashine ya gemu ya mkononi, wanacheza daladalani kati ya Mbagala na Kariakoo gemu za jamii ya zile ambazo sisi tulizipangia foleni. Nafurahi zimewafikia. Ila kioo ni kioo: kidole gumba kinatafuta ukingo wa kitufe na hakiupati, lazima jicho lishuke kukionyesha njia, na jicho likishuka umeshapigwa. Fundi ameniambia baadhi ya vijana hao sasa wanamletea simu na pedi kuukuu, wanataka aziunganishe kwa waya. Anafanya. Ana sanduku la pedi zilizokufa, na kutoka humo hutoa mpira hapa, springi pale, kitufe cha rangi tofauti. Pedi nyingi za Tandika zina damu za aina nne au tano. Yeye anazijua zote kwa mguso, na nimemwona akiokota moja gizani, umeme umekatika, akasema ni ya kibanda kipi.

Sijui kipawa kama hicho kiitwe nini. Wapigaji wa gambusi wanacho, na mafundi cherehani wanaojua kitambaa kwa kukisugua kati ya vidole viwili. Tunawaheshimu wale. Huyu wetu majirani bado wanasema anachezea gemu, na baba yake, ameniambia, alitaka awe dereva.

Pedi imefungwa. Fundi anaichomeka kwenye mashine iliyo chini ya meza, kitivii kidogo kinawaka, wachezaji wawili wanatokea. Anajaribu yeye, mateke matatu kushoto, anaridhika. Mimi pia ninaridhika. Anampa dogo.

Dogo anaishika, haangalii TV, anaangalia mtaani. Vidole gumba vinazunguka mara moja, mara mbili.

"Bado kidogo, fundi."

Fundi hambishii. Ananyoosha mkono, anaipokea, anavuta bisibisi.