Koshari kwenye jiko moja

Koshari ya Misri ni wali uliopikwa na adesi, ukachanganywa na makaroni na dengu, ukamwagiwa rojo la nyanya lenye siki, kisha ukafunikwa kwa vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikakauka. Mezani hukaa chupa mbili: moja ya pilipili, nyingine ya dakka, yaani siki iliyokolezwa kitunguu saumu na bizari nyembamba. Kule Cairo ni chakula cha barabarani na cha migahawa isiyopika kingine. Abou Tarek, mgahawa ulioko Mtaa wa Champollion, umejipatia jina kwa sahani hiyo hiyo moja.

Anayetaka kuipika nyumbani Arusha hahangaiki kutafuta vitu. Nyanya zinatoka Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru. Vitunguu maji ni vya Mang'ola, vitunguu saumu ni vya Mbulu, mchele ni wa Mto wa Mbu. Dengu ziko Soko la Kilombero kwenye meza za nafaka, na adesi ukizikosa hapo utazipata kwenye maduka ya Wahindi katikati ya mji. Kinachomwangusha mpishi ni maandishi anayoyafuata. Mapishi yaliyoandikwa ni utungo wenye fani yake kama utungo mwingine wowote, na fani hiyo inafaa ihakikiwe.

Tuanze na umbo lake. Mapishi ya Kiswahili, yawe ya gazetini au ya simuni, yana sehemu mbili: Mahitaji, kisha Jinsi ya Kuandaa. Wenzetu wa Zanzibar huandika Vipimo na Namna ya Kutayarisha, ila umbo ni lile lile. Sehemu ya kwanza ni majina matupu, hayana kitenzi hata kimoja. Ya pili ni vitenzi vya kuamuru vilivyopangwa mstari: osha, katakata, kaanga, koroga, funika, epua. Anayeamuru haonekani na anayeamriwa hajulikani. Mahali pekee ambapo mpishi anaachiwa kauli ni kwenye maneno "chumvi kiasi", na hapo ndipo wengi hulalamika kwamba mwandishi hakueleza vizuri!

Muundo wake ni ule ambao wanafunzi wa sekondari hufundishwa kuuita msago: wa moja kwa moja, tukio la kwanza kwanza, la mwisho mwisho. Koshari haiendi hivyo. Vitunguu vinavyokaa juu kabisa ya sahani ndivyo vinavyopaswa kuingia motoni mapema, kwa sababu mafuta vilivyokaangiwa ndiyo yanayopikia wali na rojo la nyanya. Ladha ya chakula kizima imo kwenye mafuta hayo. Mwandishi anayefuata mpangilio wa sahani huviweka vitunguu mstari wa mwisho, "kaanga vitunguu vya kupambia", na mpishi mtiifu akifika hapo, rojo limeshapikwa kwa mafuta yasiyo na harufu yoyote. Kila sentensi ya mapishi hayo inaweza kuwa sahihi ikisomwa peke yake. Chakula hiki kinataka muundo rejea, unaoanza na kinachoonekana mwisho.

Halafu kuna maneno matatu yanayopita bila kutiliwa shaka: "katika sufuria nyingine". Kwenye koshari lazima yajirudie, maana wali na adesi vina sufuria yao, makaroni yao, dengu yao, rojo yake. Sufuria nyingine si tatizo, kila nyumba inazo. Tatizo ni moto mwingine. Mwenye jiko moja la mkaa, au mtungi mdogo wa gesi wenye kichwa kimoja juu, anasoma "wakati huohuo, katika sufuria nyingine" na anajua kwamba hakuandikiwa yeye. Mandhari ya utungo huu ni jikoni mwa plati nne, ingawa hapana mstari unaotaja jiko.

Na muda je? Hapa ndipo fani inapogongana na mlima. Cairo iko karibu na usawa wa bahari. Arusha iko juu yake kwa mita 1,400 hivi. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua na maji yanachemka mapema, kabla hayajafikia nyuzi 100. Kwa Arusha ni kwenye nyuzi 95 hivi. Mvuke unatoka, mfuniko unarukaruka, lakini joto linaloingia ndani ya dengu ni pungufu. Panda hadi Ilkiding'a na pengo linaongezeka. Kwa hiyo "chemsha dakika 40" iliyopimwa Cairo, au hata Dar es Salaam, inakupa dengu zinazogonga meno. Makaroni nayo yanachelewa, ingawa si kwa kiasi cha kukukasirisha.

Wapo wanaomaliza kesi kwa magadi. Magadi hulainisha, sikatai, lakini yakizidi huacha ladha ya sabuni na kuzivuruga dengu, na koshari inataka dengu ionekane moja moja. Jambo la kuangalia zaidi ni uchachu. Nyanya na siki huzuia dengu zisilainike, hivyo zisikutane mpaka dengu ziwe zimeiva kabisa. Hata kande za nyumbani huungwa baada ya mahindi na maharage kuiva. Mapishi mengi hutoa amri hiyo ya kutenganisha bila sababu, na amri isiyo na sababu ndiyo ya kwanza kuvunjwa mkaa unapoanza kwisha.

Sasa msikilize mama mwenye meza ya nafaka pale Kilombero ukimuuliza dengu zinapikwaje. Hatakuamuru. Atasema: unachukua dengu zako, unazichagua, unaziloweka, zikishavimba unamwaga yale maji, unabandika, zikianza kulainika ndiyo unaweka chumvi, unaacha mpaka ukiibonyeza moja kwa vidole inapondeka. Tazama ufundi uliomo. Nafsi ni "wewe", mtu aliye mbele yake, na vitu vimeshakuwa vyako kabla hujavilipia. Kila hatua inafunguliwa na kilichotokea sufuriani: zikishavimba, zikianza, mpaka. Saa haimo kabisa. Masimulizi ya namna hii yanatoka Tanga yakapanda mpaka Ngaramtoni bila kuharibika, maana kipimo chake ni dengu yenyewe.

Nisiyasifu kupita kiasi. Masimulizi hayo yanashindwa kwenye kiasi: "maji ya kutosha" ni kauli ya anayejua kwa asiyejua, na siki ya dakka ikikosewa kipimo hairekebishiki. Orodha ya Mahitaji, pamoja na ukavu wake, inafuatana nawe sokoni. Masimulizi yanakufanya urudi dukani kwa bizari.

Kipo pia kinachopotea katika fani zote mbili: sauti ya mlaji. Chakula cha barabarani humalizikia kwa mteja. Kwenye chipsi mayai za jioni hapa mjini, kaka anageuza kikaango na kuuliza, "Pilipili niweke?", nawe unajibu, "Weka kidogo, kachumbari nyingi." Koshari nayo huletwa bila kukamilika, mlaji akajimiminia dakka na pilipili atakavyo. Mapishi yanayosema "mwagia dakka, changanya, tayari kwa kuliwa" yamemnyang'anya mlaji zamu yake. Dakka ibaki kwenye chupa.

Kwa jiko moja, ningeiandika hivi. Dengu zilale majini usiku kucha. Asubuhi zibandike kwanza. Zikipondeka kwa vidole, epua, funika. Kaanga vitunguu vilivyokatwa vyembamba mpaka viwe kahawia, vitoe kabla havijawa vyeusi, tunza mafuta. Kwa sehemu ya mafuta hayo pika rojo la nyanya na kitunguu saumu. Mafuta yakipanda juu, tia siki, weka kando. Chemsha makaroni, yachuje. Adesi zichemshwe mpaka ziwe nusu kuiva, ndipo uongeze mchele na mafuta yaliyobaki. Wali uje mwisho, kwa kuwa ndio utakaopasha moto vingine vyote sahanini.

Wahariri wa kurasa za mapishi, orodha iacheni kama ilivyo. Amri zipunguzwe, "sufuria nyingine" itajwe pamoja na moto wake, na dakika zikiandikwa, ziandikwe na mwinuko wa mahali zilipopimwa.