Hamu ya Siku za Shule katika Tawasifu Mbili

Aghalabu wahakiki huiona hamu ya siku za shule kuwa dosari ya tawasifu: mzee husifu bweni akasahau njaa. Tawasifu mbili za Kenya zaonyesha kuwa hukumu hiyo ni ya haraka.

Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge alikofanya kazi baba yake, akasoma Mang'u hadi 1947. Toka Ruiru hadi Thika yalitanda mashamba ya walowezi. Kijana Mwafrika aliyeingia sekondari alikuwa mmoja kati ya wengi. Hata hivyo, katika *Freedom and After* (1963) shule ni ngazi tu. Mwandishi ana miaka 33 na nchi ya kujenga. Hana wasaa wa kutazama nyuma.

Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha *In the House of the Interpreter* (2012) akiwa amepita miaka 70, akiishi Marekani. Yeye anakaa kitako katika Alliance ya 1955 hadi 1958. Lakini hamu yake haifichi kitu: likizo ya kwanza anakuta kijiji chao kimebomolewa, kaka yake ni mpiganaji wa Mau Mau, na akisha kuhitimu, anakamatwa na polisi. Utulivu wa shule unapimwa kwa yaliyotendeka nje ya ua wake.

Basi mwandishi wa Kiswahili atakayesimulia ujana wake wa Thika au Ruiru asiionee haya hamu. Aonee haya kuwasahau wenzake waliokuwa wakichuma kahawa kengele ya darasa ilipolia.