"Bei Iko Inboksi": Soko Tuliyohamisha Nusu

Ndugu zangu wa promosheni zote, leo nataka nikosoe kitu ambacho wengi kati yetu tunafanya na tunakiita biashara ya mtandaoni. Hapa Lubumbashi kazi za diplome ni chache, njo maana kila kijana iko na duka ndani ya telefone: viatu kwenye statu ya WhatsApp, bitenge kwenye Facebook, perike kwenye TikTok. Kazi ni nzuri, sina neno nayo. Neno langu ni namna tunavyomtendea mukiliya.

Tumehamisha soko, lakini tumechagua vibaya vitu vya kubeba. Pale soko ya Kenya, mama akikutajia bei ya juu haikuumizi. Unashika kitu, unakigeuza, unacheka naye, unaondoka hatua tatu, anakuita. Jirani yake anauza kitu kile kile. Ukinunua, anaongeza matabishi. Kesho kikiharibika, unajua meza yake iko wapi. Kule kubishana bei ni haki, sababu wote wawili mnaona.

Sasa ingia mtandaoni. Foto nzuri, chini yake: "Bei iko inboksi, mukubwa." Kubishana tumekubeba. Macho, mikono, jirani, matabishi na meza tumeviacha sokoni. Tena foto si ya kiatu chenyewe, ni ile ya msambazaji wa Guangzhou. Mukiliya si mjinga: akiona bei imefichwa, anajua unangoja kwanza uangalie yeye ni nani.

Wauzaji wanajibu: "Nikiandika bei, mpinzani ataiona." Mpinzani wako alisha kutuma binamu yake inboksi tangu juzi! Asiyejua bei amebaki mukiliya peke yake. Wengine wanasema franka inayumba. Basi andika kwa dola, kama tunavyofanya kwa nyumba za kupanga.

Jambo la pili ni kurudisha. Nililipa viatu namba 42 kwa telefone, vikaja namba 40. Jibu nililopata: "Sisi hatubadirishaka." Kisha nikafungiwa namba. Ni yale maneno ya chini ya faktire zetu: kitu kilichouzwa hakirudishwi wala hakibadilishwi. Dukani yanaweza kueleweka kidogo, sababu ulijaribu kiatu mbele ya kulipa. Mtandaoni nilijaribu nini? Foto?

Kumuuzia mtu asiyeona kitu si mambo ya leo. Marekani, Sears iliuza kwa katalogi na posta tangu mwisho wa karne ya 19, mpaka kwa wakulima wa mbali, na iliahidi kurudisha pesa ya asiyeridhika. Ile ahadi njo ilikuwa meza yake ya soko. Mwaka 1993 ikafunga katalogi yake kubwa. Mwaka 1994 Jeff Bezos akaanzisha Amazon. Oktoba 2018 Sears ikaomba ulinzi wa mahakama sababu ya madeni. Iliangushwa na mambo mengi, sisemi ni katalogi tu. Lakini ule ujuzi wa kumtuliza mtu wa mbali ndio Amazon ilikuja kuishi nao.

Kuna wanaojifariji kwamba makampuni makubwa hayatuwezi. Ni kweli pesa nyingi si dawa: Jumia iliingia soko la hisa la New York Aprili 2019, na Novemba mwaka ule ule ikafunga Tanzania na Cameroon. Lakini mpinzani wetu hana lazima ya kufungua ofisi hapa. Mukiliya aliyechoka na inboksi anatafuta wakala wa kumkomandia moja kwa moja China. Anangoja wiki nyingi, lakini bei aliiona tangu mwanzo.

Wauzaji nao wako na kilio cha haki. Mtu anakomanda, motari anafika mpaka Katuba, telefone imezimwa. Mafuta ya nani? Kwa hiyo kuomba malipo ya safari mbele si ubaya, mradi iandikwe wazi. Namfahamu mama mmoja wa Ruashi anayeuza bitenge: anapiga video mchana, kwenye jua, anaandika bei na ya motari pembeni, na kama rangi si ile ya video anabadilisha. Hana sayiti, hana matangazo ya kulipia. Wateja wanaletana.

Serikali nayo ilitoa Kodi ya Numerike tarehe 13 Machi 2023, na biashara ya elektroniki imo ndani. Lakini nani atapeleka mahakamani deni ya viatu vya dola 25? Mtu atasimulia tu kwenye grupe ya familia, na watu mia mbili watasoma. Hukumu inapita pale, na jina la duka lako halirudi tena.

Mwenye duka unayesoma hapa, anza na statu ya leo jioni: andika bei. Kisha uje unibishie chini.