Mshahara Mmoja, Mwaka Mzima

Mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi huingia kila mwezi, lakini mahitaji ya nyumba yana kalenda yake. Hapa Morogoro mahindi hushuka bei baada ya mavuno, Julai na Agosti, kisha hupanda. Januari, gunia likiwa limeshakuwa ghali, ndipo watoto wanapotakiwa sare, viatu na madaftari. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne, ahueni kubwa kweli, ila sare zimebaki kwa mzazi. Jirani yangu analea watoto wanne kwa mshahara huo wa mumewe peke yake, na ufundi wake wote uko hapo: kuifanya pesa ya Agosti ifike Januari.

Mahindi huyanunua yakiwa yamejaa sokoni, akayaanika kwenye turubai. Hayafungi mpaka ayajaribu kwa jino. Punje ikikatika kwa mlio mkavu, tayari. Ikibonyea, yanarudi juani. Huyamimina kwenye mfuko wa tabaka tatu, mbili za plastiki na kiroba nje, huku akishindilia hewa itoke. Mdomo wa plastiki ya ndani anausokota, anaukunja, anaukaza kwa kamba, halafu wa pili, kiroba mwisho. Dumuzi waliojificha humo hewa huwaishia wakafa, bila dawa yoyote. Haraka ikimponza mtu kwenye fundo moja tu, Desemba atafungua unga wa wadudu.

Shati la shule huchakaa kwanza shingoni. Yeye hufumua kola kwa wembe, uzi baada ya uzi, akaigeuza ili upande uliolala chini uje juu, kisha akampelekea fundi cherehani airudishie. Sketi hushonwa na upindo wa vidole vinne, ukafunguliwa kidogo kidogo kadiri binti anavyorefuka.

Kwenye upatu wenzake hugombea zamu za mwanzo. Yeye huomba Desemba. Anayepokea mwanzo amekopeshwa na wenzake, naye anayepokea mwisho amejiwekea akiba ambayo hata akibanwa vipi katikati ya mwaka hawezi kuichomoa. Sijaona benki inayomlinda mtu na shida zake namna hiyo.

Huumia sana nikisikia watu wakisema mama huyu hana kazi. Mumewe hasemi hivyo. Siku ya mshahara hujibakizia nauli, nyingine zote akamkabidhi. Juzi nilikuwepo alipomwuliza, kwa adabu ya mtu anayeomba ruhusa kazini:

"Mama watoto, kuna nafasi ya viatu vyangu?"

Alifikiri kidogo, akihesabu kwa vidole.

"Ipo, baba. Mwezi wa kumi."